Lita Arobaini za Maji Mekundu

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili alfajiri,
Eduvina Barría humwaga lita arobaini za maji
aliyoyachemsha kwa bitiruti jikoni kwake
katikati ya yadi yetu ya malori, Quellón,
kisha hupaza sauti: "Dizeli!"

Sisi tulicheka.
Tulijikunyata chini ya bati, vikombe vya kahawa mkononi,
mvua ya Chiloé ikinyesha kama mgeni asiyejua kuaga,
tukamtazama mama wa watu akikimbiza rangi ya saladi.

"Yadi hii ina mteremko," alisema.
"Ninyi hamuujui. Maji yanaujua."

Na kweli, maji hayakuuliza njia.
Yalipita chini ya lori la Sixto,
yakazunguka matairi makuukuu,
yakakata kona penye pampu
na kuingia mtaroni kando ya lango
kwa dakika nne na nusu.
Sisi tulitumia kumi na moja
kutafuta ufunguo wa kabati.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mhasibu,
mhasibu alikuwa kitandani.

Kufuli alilivunja siku hiyohiyo, kwa nyundo.

Chini ya mtaro pana bomba.
Mwisho wa bomba pana ghuba,
na ghubani zinaning'inia kamba za kome
za Hortensia Guineo, mkwewe Nolberto,
awahesabuye kome wake
kama mwalimu ahesabuye watoto kabla basi halijaondoka.

Sasa kabati liko wazi. Ndani yake:
unga wa mbao, magunia matatu;
mkeka mzito wa mpira wa kufunika mtaro;
soksi ndefu za kunyonya mafuta, Sixto huziita nyoka wavivu;
glavu za mikono yake na za mikono yetu;
chepe la plastiki, maana la chuma hutoa cheche;
daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi,
kwa sababu anatufahamu.

Mwezi wa pili, dakika tisa.
Wa tatu, kumi na mbili (tulibishana).
Wa sita, Nolberto alitandika mkeka
na kahawa yake haikumwagika.

Kisha usiku mmoja wa Septemba
niliingiza lori yadini, nikazima injini,
nikasikia kitu kikidondoka ambacho hakikuwa mvua.
Mvua ina haraka.
Hiki kilikuwa na subira.

Jiwe la barabarani lilikuwa limetoboa tangi.
Nilifungua kinywa niite,
Sixto tayari alikuwa amepiga goti juu ya mkeka, langoni,
Nolberto akiburura nyoka wavivu kwa shingo,
na mkono wangu, sijui nani aliutuma,
ukikandamiza kipande cha sabuni tunduni.
Unga wa mbao ulikunywa hadi ukalewa.
Tukauzoa, tukautia kwenye pipa lenye mfuniko.
Upinde wa rangi ulibaki juu ya saruji,
mzuri kwa namna ya kuudhi,
umesimama shubiri mbili kutoka mtaroni.

Hakuna gazeti lililoandika.
Hortensia alilala mpaka kukakucha,
na hadi leo hajui kuna usiku alikaribia kuamshwa.
Wasemao ajali haina kinga
waje wanioneshe shubiri mbili zile, ni za nini.

Asubuhi Eduvina hakuuliza ni lori la nani.
Alifungua daftari:
*Dizeli, kama lita thelathini. Iliyofika mtaroni: hakuna.*
Neno la mwisho alilipitishia kidole, mara mbili.
Chini yake akaandika:
*Unga wa mbao, magunia mawili. Sabuni.*

Jumatatu alimwaga tena maji mekundu.
Sixto alicheka,
lakini alicheka akikimbia.